Rudraksha: jinsi ya kuichagua, kuiandaa na kuivuta tasbihi ya Shiva

Nilipokuwa mdogo Mombasa, jirani yetu alikuwa bibi wa Kigujarati ambaye mtaa mzima tulimwita Ba, yaani mama. Kila asubuhi, akishaoga, alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mkono wa kulia umezama ndani ya mfuko wa kitambaa wenye umbo la kichwa cha ng'ombe, na midomo yake ikichezacheza bila sauti. Sisi tuliokuwa tukipita kwenda shule tuliamini anahesabu pesa. Siku moja nikapata ujasiri wa kumuuliza.

"Shikamoo Ba. Unahesabu nini humo?"

"Marahaba, mwanangu. Vidole ndivyo vinavyohesabu. Mimi namkumbuka."

Akautoa mkono. Kwenye kidole cha kati zilining'inia punje za kahawia iliyoiva, zenye makunyanzi mengi, ziking'aa kwa mafuta ya ngozi yake mwenyewe baada ya miaka ya kushikwa. Zilikuwa rudraksha, punje za tasbihi ya wanaomwabudu Shiva, mungu wa Kihindu. Mwongozo huu ni kwa yule anayeipata kwa mara ya kwanza, awe ameinunua, ameirithi, au ameletewa zawadi na mtu aliyetoka kuhiji Haridwar au Varanasi huko India, na sasa ameishika mkononi hajui aanzie wapi.

Kwanza, ijue

Rudra ni jina la kale la Shiva, na aksha kwa Kisanskriti ni jicho. Katika Shiva Purana, kitabu cha kale cha masimulizi yake, Shiva mwenyewe anasimulia kwamba alikaa kwenye tafakuri kwa maelfu ya miaka ya kimungu, akafumbua macho kwa kutaka heri ya walimwengu, na matone ya machozi yakadondoka kutoka kwenye macho yaliyokuwa bado nusu yamefumba. Pale yalipoanguka, miti ikaota. Rudrakshajabala Upanishad, andiko jingine la Kihindu, ina habari inayokaribiana na hiyo: Shiva alifumba macho alipokuwa anajiandaa kuiangamiza miji mitatu ya mashetani, Tripura, na matone yakashuka ardhini.

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo kabla ya kwenda dukani. Wauzaji wengi wanaiuza rudraksha kama hirizi: ya kuvuta biashara, ya kumrudisha mume, ya kushinda kesi. Masimulizi yenyewe yanaanzia kwenye chozi. Mungu anayeogopwa kwa kuangamiza ametulia, amewaangalia viumbe, na jicho limelowa. Anayevaa punje hizi shingoni anavaa chozi la huruma, na kila anapozivuta anajikumbusha kwamba kuna aliyemtazama hivyo. Ba hakuwahi kuniambia rudraksha itampa nini.

Sasa mti wenyewe. Kitaalamu unaitwa Elaeocarpus ganitrus, mti mrefu usiopukutisha majani yote kwa pamoja, unaoota kwenye miteremko ya chini ya Himalaya huko Nepal, kaskazini mashariki mwa India, na visiwani Indonesia, hasa Java na Sumatra. Tunda lake likiiva huwa la buluu kali inayometameta, na buluu hiyo haina rangi ya kuchujuka: ni ganda la tunda linavyoivunja nuru. Ukimenya nyama yake unakutana na kokwa gumu lenye mifereji. Kwa hiyo ile tunayoiita mbegu ya rudraksha ni kokwa, kama kokwa la embe, na mbegu zenyewe ni ndogo mno, zimelala vyumbani ndani yake. Kumbuka habari ya vyumba, tutairudia tunapokagua bandia.

Pili, chagua nyuso

Ishike punje moja uitazame kuanzia tundu la juu hadi la chini. Utaona mifereji iliyonyooka inayoigawa kama vipande vya chungwa vinavyogawanyika. Kila mfereji ni mukhi, yaani uso. Maandiko ya zamani yanataja nyuso kuanzia 1 hadi 14, na madukani utaambiwa hadi 21.

Punje ya nyuso tano ndiyo inayozaliwa kwa wingi kuliko zote, ndiyo ya bei nafuu, na ndiyo ninayomshauri kila anayeanza. Watu wengine huona aibu kununua kitu kinachopatikana kirahisi. Wasione. Nyuso tano inahusishwa na Kalagni Rudra, Shiva katika sura ya moto unaoteketeza makosa, na wanaomwabudu huilinganisha na mantra, yaani maneno matakatifu ya kurudiarudia, ya silabi tano, na-ma-shi-va-ya, ambayo nayo huhusishwa na ardhi, maji, moto, hewa na anga. Mala, yaani tasbihi, karibu zote unazoziona shingoni mwa masadhu, watawa wa Kihindu, kwenye kingo za mto Ganga ni za nyuso tano.

Nyingine kwa haraka. Nyuso mbili ni Ardhanarishvara, Shiva na mkewe Parvati katika mwili mmoja, nusu mume nusu mke, ndiyo maana wanandoa huipenda. Nyuso tatu ni Agni, moto. Nyuso nne ni Brahma, mungu muumbaji mwenye vichwa vinne, na nyuso sita ni Kartikeya, mwana wa Shiva mwenye vichwa sita. Uso mmoja ni Shiva mwenyewe. Vitabu havikubaliani kila mahali: hiyo ya nyuso mbili, kwa mfano, Upanishad inaita Ardhanarishvara ilhali Purana inaitaja tu kuwa ni Bwana wa miungu. Mtu akikuambia kwa uhakika mkubwa kwamba nyuso fulani lazima ivaliwe na aliyezaliwa mwezi fulani, muulize ameipata wapi.

Tatu, ikague

Hili lilinigharimu mimi. Niliagiza mtandaoni rudraksha ya uso mmoja, ikaja na cheti chenye muhuri na picha. Niliiweka kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Baada ya muda mapovu madogo yakaanza kutoka pembeni, kisha utando mweupe wa gundi ukafunguka kwenye mfereji, na vipande viwili vya punje vikaachana mbele ya macho yangu. Mtu alikuwa amechukua punje za kawaida, akazikata, akazibandika na kuifuta mifereji mingine kwa kuijaza unga. Muuzaji hakunijibu tena.

Kwa hiyo, jaribio la kuchemsha ni zuri kwa kugundua gundi na plastiki. Rudraksha halisi haiharibiki kwa kuchemshwa kidogo, ingawa ni lazima uikaushe vizuri kivulini na kuipaka mafuta baadaye. Halitakusaidia kwa punje iliyochongwa kutoka kipande kimoja cha ubao au popoo. Hapo tumia kioo cha kukuza: mfereji wa asili una kina kisicholingana, unapinda kidogo, na makunyanzi yanayouzunguka hayafanani popote. Mfereji wa kuchongwa ni msafi mno, una makali, na mara nyingi unaishia njiani kabla haujafika tundu la pili.

Majaribio mawili yanayosifiwa sana sokoni hayana maana. La kwanza ni kuitumbukiza kwenye maji ili izame. Punje halisi iliyokauka sana inaweza kuelea, na bandia iliyotiwa risasi ndani itazama kama jiwe. La pili ni kuiweka kati ya sarafu mbili za shaba ili izunguke: chochote chenye umbo la mviringo na makunyanzi kitageuka ukikibana hivyo. Kama unanunua punje ya bei kubwa, dai picha ya eksirei. Itaonyesha vyumba vya ndani, na idadi ya vyumba inapaswa kukubaliana na nyuso unazoziona kwa nje. Kwa mala ya kawaida ya nyuso tano hakuna haja ya hayo yote, kwa sababu hakuna faida kubwa ya kughushi kitu cha bei rahisi.

Uso mmoja ya mviringo ni adimu kiasi kwamba ni salama kudhani uliyoonyeshwa si yenyewe. Ile yenye umbo la korosho inayouzwa kwa jina hilo wengi wanaiheshimu na kuivaa, lakini haifanani na rudraksha ya mviringo, na bei yake isilinganishwe nayo.

Nne, ukubwa, idadi na uzi

Shiva Purana inapima ukubwa kwa matunda: iliyo bora kabisa ni kama tunda la amalaki, mti wa India, ya kati ni kama kunazi, ya chini ni kama dengu. Punje kubwa hutoka zaidi Nepal, wilaya kama Bhojpur na Sankhuwasabha upande wa mashariki. Za Java ni ndogo. Kwa kuvaa shingoni uchague upendavyo. Kwa kuvuta, ushauri wangu unakwenda kinyume na wa Purana: chukua za milimita 7 au 8, kwa sababu mala ya punje kubwa 108 ni nzito na inachosha mkono kabla moyo haujatulia.

Mala kamili ina punje 108 na moja zaidi iliyosimama peke yake kwenye fundo, iitwayo meru au punje ya guru, yaani mwalimu wa kiroho. Jina ni la mlima Meru wa masimulizi ya Kihindu, mlima ulio katikati ya ulimwengu ambao jua na nyota huuzunguka. Limefanana tu na Meru ya Arusha. Zipo pia mala za 54 na 27, na hizo utazizungusha mara mbili au mara nne kufikia hesabu ileile.

Kwa nini 108? Maelezo ninayoyapenda ni ya angani. Wanajimu wa Kihindi huigawa njia ya mwezi katika vituo 27, kila kituo kina robo nne, na 27 mara 4 ni 108. Wengine huhesabu nyota 12 za falaki kwa sayari 9, wakafika palepale. Ukimaliza mzunguko mmoja wa mala, umelitaja jina la Mungu katika kila kona ya anga.

Uzi uwe wa pamba au hariri, na uwe na fundo dogo kati ya punje na punje. Fundo lina kazi mbili: punje hazisuguani zikaumizana, na uzi ukikatika hazimwagiki zote. Epuka mala iliyounganishwa kwa mpira wa kuvutika.

Tano, iandae

Punje mpya huwa kavu na mara nyingi ina vumbi la dukani. Isugue kwa mswaki laini na maji ya uvuguvugu, bila sabuni, ukiingia kwenye kila mfereji. Iache ikauke kivulini. Kisha iloweke kwenye samli usiku na mchana, yaani saa 24, ukaifute, halafu kwenye maziwa kwa muda kama huo, ukaisuuze na kuikausha tena. Samli huingia kwenye kokwa na kulizuia lisipasuke. Itabadilika rangi, itakuwa nyeusi kidogo. Ni kawaida.

Kuiweka wakfu kunafanywa na kuhani hekaluni ikiwezekana. Nyumbani, familia nyingi hufanya hivi: Jumatatu, siku ya Shiva, au usiku wa Mahashivaratri, huoga, hufukiza udi na kuwasha taa ya samli, kisha humwagia mala vitu vitano, maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, ambavyo kwa pamoja huitwa panchamrita. Huisuuza kwa maji safi, au ya Ganga wakiwa nayo. Huigusisha majivu matakatifu na rojo ya msandali, huiweka mbele ya picha au linga, jiwe linalomwakilisha Shiva, juu ya majani ya bilva, mti mtakatifu kwake, na kuisomea Om Namah Shivaya mara 108. Kama huna majani ya bilva, na wengi wetu hatuna, ua jeupe linatosha.

Nimeulizwa mara nyingi kama mwanamke anaruhusiwa. Shiva Purana inasema watu wa tabaka zote, wanawake pia, wavae rudraksha. Kitabu hichohicho kinamtaka mvaaji aache pombe, nyama, vitunguu na vitunguu saumu. Si kila anayeivaa anatimiza hilo, na kila ukoo una desturi yake kuhusu siku za hedhi, misiba na chumba cha kulala. Ukiwa umeipokea kwenye familia, fuata desturi ya waliokupa.

Sita, ivute

Sehemu hii ndiyo iliyobeba mwongozo wote, kwa hiyo nenda nayo polepole.

Tafuta muda usioingiliwa. Kabla ya mapambazuko ndio unaosifiwa zaidi, lakini muda ule ule kila siku ni bora kuliko muda mtukufu wa mara moja kwa wiki. Kaa juu ya mkeka au blanketi, mgongo wima, uelekee mashariki au kaskazini. Ishike mala kwa mkono wa kulia, mbele ya kifua. Iache ining'inie kwenye kidole cha kati, au kwenye cha pete kama ulivyofundishwa. Kidole gumba ndicho kinachovuta punje, moja baada ya moja, kuileta upande wako.

Kidole cha shahada kinakaa pembeni, hakigusi mala. Katika mafundisho ya Kihindu hicho ndicho kidole cha umimi, kinachonyoosha na kushutumu. Kwa sisi tuliokulia pwani jambo hili lina uzito wake, maana jirani Mwislamu hukiinua kidole hichohicho kushuhudia upweke wa Mungu. Mmoja anakiinua, mwingine anakiweka kando, na wote wawili wanajaribu kujisahau.

Anza na punje iliyo jirani na meru. Punje moja, mantra moja kamili. Kama hujapewa mantra na guru, Om Namah Shivaya iko wazi kwa kila mtu, na kiini chake kimo ndani ya Yajurveda, moja ya maandiko ya kale kabisa ya Kihindu. Mala moja itakuchukua dakika sita hivi ukienda bila haraka. Ukifika meru usiiruke. Igeuze mala kwa kidole gumba na cha kati, urudi ulikotoka. Meru ni guru, na mtu hamvuki mwalimu wake kama anavyovuka kizingiti. Ugumu wa kugeuza bila kutumia macho wala mkono wa kushoto utakusumbua wiki ya kwanza, kisha vidole vitajua vyenyewe.

Sauti nayo ina daraja tatu: ya kusikika, ya kunong'ona ambapo midomo hutikisika na jirani hasikii, na ya moyoni tupu. Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, inasema kunong'ona kunapita dhabihu ya kawaida mara 100, na ya moyoni mara 1000. Usikimbilie hiyo ya tatu. Anayeanza kimoyomoyo hujikuta amefika punje ya 60 akipanga bei ya nyanya. Anza kwa sauti, ishushe ikishazoea, na akili ikitoroka ipandishe tena. Ba alikuwa kwenye daraja la pili baada ya miaka yote ile, na katika andiko la Bhagavad Gita, mungu Krishna anapojitaja kuwa ndiye bora wa kila kitu, anasema kati ya dhabihu zote yeye ni japa, yaani huku kulirudia jina. Hakutaja daraja.

Ule mfuko wenye umbo la kichwa cha ng'ombe unaitwa gomukhi, mdomo wa ng'ombe. Unaificha mala isionekane, isiguse sakafu, na unakunyima nafasi ya kuangalia umebakiza punje ngapi. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Ukiweza ushone wako, kitambaa cha pamba, tundu kubwa la kuingiza mkono na dogo la kidole cha shahada kutokea nje.

Ukimaliza usiinuke papo hapo. Gusisha mala kwenye paji la uso, ukae kimya kidogo, uirudishe mfukoni.

Mala za mimea mingine

Si kila Mhindu anavuta rudraksha. Wanaomwabudu mungu Vishnu na Krishna hutumia tulsi, mmea wa ukoo wa mrihani na kivumbasi, na punje zake huchongwa kwenye shina. Waumini wa Hare Krishna huzungusha mala ya tulsi mara 16 kwa siku. Mbegu za yungiyungi huvutwa kwa ajili ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema. Jihadhari na shanga za mbegu nyekundu zenye doa jeusi, za mtipitipi. Zinapendeza na hutungwa mapambo, lakini ndani zina sumu kali, hasa zikitobolewa au kutafunwa. Usiziache karibu na mtoto.

Saba, ivae na uitunze

Mala ya kuvaa na mala ya kuvuta ziwe mbili tofauti. Ya kuvuta haivaliwi, haiazimwi. Ya shingoni ivue unapooga kwa sabuni, unapoogelea kwenye maji yenye klorini na unapopaka manukato. Kila baada ya miezi michache isugue kwa mswaki laini, kisha tia tone la mafuta ya ufuta kwenye kidole uipake. Isianikwe juani.

Utasikia kwamba rudraksha inashusha presha na kutuliza moyo. Kukaa kimya kila siku ukivuta pumzi taratibu kunamtuliza mtu, hilo kila anayevuta anaweza kulishuhudia. Vidonge ulivyopewa na daktari endelea kumeza.

Punje ikipasuka, usiitupe kwenye jaa. Iweke kwenye maji yanayotembea au ifukie chini ya mti, ushukuru. Na uzi ukikatika, ambavyo kwa mala inayovutwa kila siku ni lazima siku moja utakatika, usiamini anayesema ni mkosi. Tandaza kitambaa cheupe, okota punje zote, zihesabu mpaka zitimie 108 na meru, uzitunge upya mwenyewe huku ukisoma mantra kwa kila fundo. Zikipungua, angalia chini ya kitanda kabla hujafagia.